Pumzi ya Asiyezaliwa na Haki ya Jirani

Ndugu msomaji, zile nyumba za chini za Kariakoo ambazo ghorofa hazijazimeza unazijua: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua mmoja wa kupikia wapangaji wote. Magharibi ikikaribia majiko ya mkaa huwashwa kwa pamoja, na moshi haubishi hodi. Katika vyumba hivyo aghalabu hapakosi mama mwenye mimba. Basi swali letu ni hili: yule aliye tumboni, ambaye hajavuta hewa hata mara moja, ana haki yoyote katika hewa ya ua ule?

Tuanze na namna anavyoumbwa. Katika Suratul Muuminun Mwenyezi Mungu Mtukufu ametutajia nutfa, kisha alaka, kisha mudhgha. Wataalamu wa utabibu nao wanatueleza kuwa kiumbe huyo mwanzoni huwa matabaka matatu ya seli. Tabaka la ndani hufanya mrija wa chakula, na kiasi cha wiki ya nne huchomoza katika mrija huo kijichipukizi kidogo mno. Hicho ndicho mapafu! Hugawanyika pande mbili, kisha kila tawi huzaa matawi, kama mwembe.

Lakini seli ile hujuaje kuwa ni ya pafu wala si ya tumbo? Hapa pana ajabu kubwa. Huagizwa na jirani zake. Seli za tabaka la kati zinazoizunguka huipelekea ishara, nayo hufuata. Wataalamu waliwahi kuchukua, katika viinitete vya wanyama, nyama laini inayozunguka matawi ya pafu na kuipachika kando ya koo la hewa, mahali pasipoota matawi namna ile. Na hapo yakachipuka matawi. Kwa hivyo seli haiwi kitu peke yake; ujirani ndio unaoifanya iwe vile ilivyo.

Kiasi cha wiki ya 24 seli za ndani huwa zimeanza kuachana kazi. Nyingine hulala bapa na kuwa nyembamba ili hewa ipite kwenda damuni. Nyingine hubaki nene na kutoa uto unaozuia vifuko vya hewa visigandamane. Mtoto njiti hutaabika kupumua kwa kuwa uto huo bado haujamtosha. Na kabla ya kuzaliwa mtoto hufanya mazoezi, akivuta na kutoa maji kifuani mwake. Hata akishazaliwa ujenzi hauishi: vifuko vyake vingi hufanyika katika miaka ya utotoni.

Wako watakaosema haya ni mambo ya madaktari. La. Mume akifa akamwacha mkewe na mimba, sheria yetu humtengea aliye tumboni fungu lake la urithi. Mjamzito akihofia mtoto wake huruhusiwa kula mchana wa Ramadhani. Ikiwa tunamhifadhia mali ambayo hajaishika, vipi tumnyime hewa kwa hoja kwamba hajaivuta? Sumu ya moshi wa mkaa huingia katika damu ya mama na kumfikia mtoto. Ya sigara pia, nayo hudhuru mapafu yanayojengwa.

Hata hivyo tusiwahukumu wote kwa mizani moja. Mama anayenunua mkaa wa kipimo kwa sababu mtungi wa gesi umemshinda si sawa na mume anayewasha sigara chumbani na kusema kifua ni chake. Wa kwanza anahitaji msaada. Wa pili hana udhuru. Serikali ilizindua mwezi Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwa lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mimba haingoji mwaka 2034. Wapangaji wanaweza leo kukubaliana jiko liwekwe mbali na dirisha la mja mzito, wala halihitaji fedha jambo hilo. Na mwenye nyumba, anayepokea kodi ya vyumba vinane kwa ua mmoja usio na pa kutokea moshi, yeye atajibu nini?