Mtafutie Mgeni Udhuru

Ndugu zangu wa Ole, sisi Wapemba tunaujua uchungu wa kuhukumiwa kabla ya kuulizwa. Mwaka 1931 Mwingereza Evelyn Waugh alichapisha kitabu cha safari zake, akakieleza kisiwa chetu kwa sifa ya uchawi, na hadi leo Pemba ikitajwa wapo wanaoanzia hapo. Jamaa zetu waliohamia pwani ya Kenya wamevua na kuzaa huko kwa miaka mingi bila kitambulisho, mpaka serikali ya huko ilipowatambua rasmi mwaka 2023. Aliyeyaonja hayo hafai kumwonjesha mwenzake.

Nasi twawaonjesha wengine. Msimu wa karafuu ukifika, wachumaji hutoka mbali wakaingia mashambani mwetu. Utamwona mmoja haji barazani, salamu anaijibu huku anakwenda, chakula anakila upesi. Tunasema ana kibri, hakulelewa. Tunasahau kwamba mchumaji hulipwa kwa pishi, wala halipwi kwa siku. Akikaa kuzungumza, pishi haijai. Na karafuu nayo haingoji mtu, kwani ikishachanua mtini thamani yake imeshuka. Ile ni haraka ya kazi, nasi tumeigeuza tabia yake. Siku tunapokuwa na haraka sisi wenyewe, twataka tusamehewe.

Basi mtafutie mgeni udhuru kwanza. Ukiukosa, muulize mwenyewe: katoka wapi, safari ilikuwaje, wazee wake wazima? Usimuulizie kwa majirani. Sura ya Hujurat imekataza dhana mbaya na upelelezi katika aya moja, na mimi naona yanakwenda pamoja, kwa sababu aliyekwisha kumdhania mtu vibaya haachi kumchungulia. Asipotaka kujibu jambo, liache. Kila mtu ana yake ya kusitiri.

Msalimie wewe kwanza, hata akikujibu kwa mkato. Mkaribishe chakula, na akikataa usinune. Huenda amefunga, huenda anaona haya. Na kama kweli amekosa, mwite pembeni umwambie taratibu, maana Kipemba chetu kina maneno asiyoyajua mtu wa bara, na huenda tangu mwanzo hakufahamu alichoambiwa.

Nawaomba wenye mashamba na wazee wa baraza: msimu ujao, mgeni atakayeingia Ole aulizwe jina lake kabla hatujampachika jingine.