Je! Dawa ya Moto ni Moto?

Ipo methali ambayo kila mtu aijua, nayo ni hii: Dawa ya moto ni moto. Jumapili moja, baada ya ibada hapa Lemara, tuliwakuta wazee na vijana wamekaa kivulini wakibishana juu ya methali hiyo. Walikuwa wakizungumza habari za magaidi wa Somalia, yaani wale wauao watu wasio na silaha ili kuwatia hofu walio hai. Kijana mmoja akasema, "Serikali zote na ziungane, zipeleke majeshi makubwa na ndege za vita, ziwapige hata asibaki mmoja. Dawa ya moto ni moto." Wengi wakamkubali. Lakini mzee mmoja, ambaye zamani alikuwa akienda kuzima moto katika msitu wa Mlima Meru, akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe umepata kuuzima moto kwa moto?" Kijana akanyamaza.

Swali hilo tulikwenda nalo nyumbani, na leo twataka kulifikiri pamoja nanyi. Je! nguvu kubwa ya majeshi yaweza kuwamaliza magaidi? Na ikiwa yaweza, je! yatupasa sisi Wakristo kuitaka?

Mtu asidhani kwamba neno hili ni la mbali. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka siku moja Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi wakafa watu zaidi ya 200, na Dar es Salaam 11. Hapa Arusha, Jumapili tarehe 5 Mei 2013, bomu lilitupwa penye kanisa Katoliki la Olasiti, watu wakiwa wamekusanyika kwa furaha ya kuzindua parokia yao. Watu 3 walikufa, na wengi sana walijeruhiwa. Tena Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakakishambulia kijiji cha Kitaya katika Mkoa wa Mtwara. Basi asemaye kwamba hayo ni ya watu wengine anajidanganya.

Tuitazame Somalia, maana huko dawa hii imejaribiwa kwa muda mrefu. Nchi ile iliikosa serikali yake mwaka 1991. Juni 2006 chama cha Mahakama za Kiislamu kiliutwaa mji wa Mogadishu. Al-Shabaab wakati ule walikuwa kundi dogo tu la vijana ndani ya chama kile. Desemba mwaka ule ule majeshi ya Ethiopia yakaingia na vifaru na ndege, na kwa siku chache Mahakama zikavunjika. Watu wakasema kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Wakubwa wa Mahakama walikimbia, lakini vijana wale wakali walibaki, wakajiita watetezi wa nchi iliyoingiwa na wageni. Na wengi ambao hawakuyapenda mafundisho yao wakawafuata kwa sababu ya hasira. Waethiopia walipoondoka Januari 2009, kundi lile dogo lilikuwa limekua, hata baada ya muda mfupi likaitawala sehemu kubwa ya kusini.

Majeshi ya Umoja wa Afrika, ambayo yalianza kufika mwaka 2007, yakaongezwa hata kupita askari 20,000. Agosti 2011 Al-Shabaab wakautoka mji wa Mogadishu. Oktoba mwaka ule majeshi ya Kenya yakavuka mpaka, na mwaka 2012 bandari ya Kismayo ikatwaliwa. Septemba 2014 mkuu wao, Ahmed Abdi Godane, akauawa na Wamarekani kwa silaha za angani. Kwa hesabu ya vita huo ni ushindi juu ya ushindi. Lakini tarehe 2 Aprili 2015 wakaingia katika Chuo Kikuu cha Garissa, nchi ya Kenya, wakawatenga Wakristo na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Na tarehe 14 Oktoba 2017 lori lililojaa baruti likalipuka Mogadishu, wakafa watu zaidi ya 500. Mtu aliyepigwa namna hiyo alipata wapi nguvu ya kuinuka?

Mwaukumbuka mfano wa Bwana wetu juu ya pepo aliyefukuzwa katika nyumba yake. Kufukuzwa, alifukuzwa kweli. Na nyumba ilisafishwa vizuri. Upungufu ulikuwa mmoja: hakuna aliyeingia kukaa ndani. Pepo aliporudi kuchungulia, akaiona tupu, akawaita wenziwe 7, na hali ya mwisho ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Ndivyo ilivyokuwa katika miji mingi ya Somalia. Askari waliifagia, lakini hakimu mwaminifu hakuja, wala mwalimu, wala polisi asiyekula rushwa. Mkulima aliyenyang'anywa shamba aliona kwamba katika baraza za serikali hukumu huuzwa. Basi akaipeleka kesi yake kwa Al-Shabaab. Hata watu wa Mogadishu wenyewe wamefanya hivyo. Hukumu za kundi lile ni kali na za kutisha, lakini mtu maskini akikosa haki mahali pazuri, ataitafuta hata mahali pabaya.

Twaona mambo mawili ambayo bunduki haiwezi kuyafikia. La kwanza ni moyo wa kijana. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa ulitoa habari za watu wa Afrika waliojiunga na makundi ya namna hii, walioulizwa wenyewe kwa vinywa vyao. Katika kila watu 100 waliojiunga kwa hiari, 71 walisema kwamba jambo la mwisho lililowasukuma lilikuwa tendo la serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Lifikirini neno hilo. Askari amwuaye gaidi mmoja na wapita njia wawili hakupunguza mmoja. Huenda ameongeza watano.

La pili ni ulimi wa mwanakijiji. Gaidi hana alama usoni. Hukaa katikati ya watu kama chui katika migomba. Apitaye barabarani hamwoni, lakini mwenye shamba anajua alipolala. Nani atamwambia askari? Ni yule tu anayeamini kwamba askari hatampiga leo, wala hatamwacha peke yake kesho. Mwaka 2022 watu wa Hiran, katikati ya Somalia, walichoka kutozwa kodi na kuonewa na Al-Shabaab, wakainuka wenyewe pamoja na majeshi ya serikali. Na kwa miezi michache vijiji vingi vikatoka mikononi mwa kundi lile. Lakini kazi ya kuweka walinzi na waamuzi haikwenda sawa na mbio za askari, na mwaka 2025 kundi likarudi likatwaa tena baadhi ya mahali pale. Nyumba ilikuwa tupu mara ya pili.

Hapo msomaji mwenye akili atatupinga. Atasema, "Mbona nguvu ilitushinda sisi wenyewe?" Ni kweli, nasi hatuwezi kuificha. Oktoba 1896, huko Akeri, wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa usiku kwa mikuki. Hatuwaiti wazee wetu magaidi, hasha. Waliona nchi yao inaingiwa na wageni. Kapteni Johannes wa Wajerumani akaja na askari pamoja na Wachaga wengi. Nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakachukuliwa, na watu wengi wakafa. Baadaye Wameru na Waarusha wakashurutishwa kulijenga boma la Arusha. Tena katika vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hata 1907, Wajerumani walichoma vyakula kusini, hata waliokufa, wengi wao kwa njaa, wakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000.

Basi twakubali: nguvu isiyohesabu maiti yaweza kuinyamazisha nchi. Lakini nani miongoni mwetu, sisi wajukuu wa waliokatiwa migomba, atakayeomba watoto wa Wasomali wafanyiwe vivyo hivyo? Tena kunyamaza si amani. Mwaka 1902 wamisionari waliporudi Meru na kukaa Nkoaranga, boma lilikuwapo, ni kweli. Lakini kanisa lililopo Meru leo halikuzaliwa na bunduki ya Johannes. Lilizaliwa na watu waliokaa, wakajifunza lugha, wakafundisha na kuuguza. Na Wameru walipoondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki mwaka 1951, hawakuchukua mikuki. Mwaka 1952 walimtuma Kirilo Japhet hata New York, kwenye Umoja wa Mataifa, akawasemee. Shamba halikurudishwa siku ile. Walakini mtu mwenye mahali pa kusemea ana sababu ya kuuacha mkuki nyumbani.

Je! twasema askari waziweke chini silaha zao? Hasha. Mchungaji asiye na rungu hawafai kondoo. Siku ile ya Garissa maneno mazuri yasingewaokoa wanafunzi. Walihitaji askari wafike upesi. Wala hatusemi kwamba kila gaidi ni mtu aliyeonewa, maana wako wapendao damu, na damu ya mtu asiye na hatia haina udhuru.

Hapo turudi kwa yule mzee wa Meru. Tulimwendea kumwuliza maana ya swali lake, naye akajibu hivi: "Moto wa msitu huzimwa kwa moto, ndiyo. Lakini kwanza twafyeka njia, twaondoa majani makavu. Kisha twawasha moto mdogo, mahali tulipopachagua, upepo ukiwa mzuri, na watu wamesimama na matawi mabichi mkononi. Ukiwasha moto mkubwa kwa hasira, utakuwa na mioto miwili. Tena sikieni: kinachouzima moto mkubwa si moto mdogo. Ni kwamba ukifika pale, haukuti kitu cha kula."

Wasomaji, katika maneno hayo methali yote imefunuliwa. Nguvu ya silaha ina kazi yake, nayo ni kuwalinda watu, ikiwa na kipimo na macho yanayoitazama. Lakini ushindi wenyewe ni ule uwanja uliofyekwa, ambapo mwenye kuchochea hapati jani kavu.

Majani makavu ni nini? Ni dhuluma isiyo na mwamuzi. Ni kijana aliyekamatwa bure akapigwa. Ni mlango uliofungwa kwa atakaye kurudi. Juu ya mlango huo, tuwatazame Waganda. Kundi la Joseph Kony, ambalo lilijiita jeshi la Bwana, liliteka watoto na kuwaua watu wa kaskazini kwa miaka mingi. Tusisahau kwamba jina la Mungu wetu nalo limetukanwa hivyo. Viongozi wa dini wa Acholi, Wakristo na Waislamu pamoja, waliomba mlango wa msamaha ufunguliwe, na mwaka 2000 sheria ikatungwa. Wapiganaji zaidi ya 20,000 wa makundi mbalimbali wakaupitia. Lakini Desemba 2008 kambi za Kony huko Garamba, katika Kongo, zilipopigwa kwa ndege, wakuu wakaponyoka. Na kwa kuwa vijiji vya jirani havikuwekewa ulinzi, mamia ya wanakijiji wakauawa katika siku za Noeli na majuma yaliyofuata. Ndiyo ile mioto miwili aliyoisema mzee.

Nasi watu wadogo tutafanya nini? Tarehe 21 Desemba 2015, Al-Shabaab walilisimamisha basi lililokuwa likienda Mandera, kaskazini mwa Kenya. Wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wamekwisha kuwapa Wakristo vitambaa vya kujifunika kichwani, na abiria wakawaambia wauaji kwamba wawaue wote au wawaache. Wauaji wakaondoka. Mwislamu mmoja, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafa Januari 2016. Alikuwa wa kazi hii yetu ya chaki na ubao. Wale abiria hawakuwa na bunduki hata moja, lakini magaidi walikuja kutafuta jani kavu, yaani chuki baina ya jirani na jirani, wasilipate.

Baada ya bomu la Olasiti wako waliosema tusiwasalimu tena majirani zetu Waislamu, wala tusinunue dukani kwao. Hao, bila kujua, walikuwa wakimkusanyia mwuaji kuni. Basi sisi tulio Lemara, na ninyi mlio vijijini, tulinde mlango wa kanisa kwa akili, na tukiona jambo baya tuwaambie walinzi upesi. Lakini tusimshuhudie mtu uongo kwa sababu ya kanzu yake. Kijana aliyeacha shule na kukaa njiani, tumwite kwa jina kabla mwingine hajamwita. Aliyeonewa barazani, twende naye tumsemee.

Kijana yule wa Jumapili tulimwambia maneno ya mzee. Akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe kazi kubwa ni ya panga la kufyekea." Tukamjibu kwamba ndivyo, na kwamba hufyekwa wakati moshi bado u mbali.