Zima Mota, Mwanangu

Wanangu, nimechoka kusema, ila kuna maneno ambayo nikiyanyamazia nitakuja kuulizwa.

Jumapili mlinipakia kwenye pirogi yenu pamoja na wageni wawili, mkasema, "Mzee, twende utuonyeshe fisi maji." Tukateremka kutoka Kasha alfajiri, Ziwa Kivu limetulia kama mafuta sahanini. Nikawaonyesha mawe ninayoyajua tangu ujana wangu. Kichwa kidogo kikachomoza, kikatutazama. Mnyama akapanda jiweni, akamshika samaki kwa mikono miwili kama mtoto anavyoshika muhindi wa kuchoma, akaanza kutafuna. Tulikuwa tukisikia mifupa ikivunjika. Hapo mmoja wenu akaongeza mota ili mgeni apige picha ya karibu. Mlipofika jiweni mlikuta nini? Magamba.

Sikuwagombeza siku ile, kwa heshima ya wageni. Leo nasema.

Kivu halina mamba, halina kiboko. Mgeni wetu haji kutetemeka. Anakuja kumwona fisi maji, mnandi anayeanika mabawa, mdiria anayepigapiga mbawa hewani mahali pamoja kabla ya kujitupa majini. Jioni ataona wavuvi wa sambaza wakitoka na mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zikiwaka, wakiimba. (Sambaza nao walikuja kama wageni: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, na leo ugali wa Bukavu ungekuwaje bila wao?) Haya yote ni mambo ya utulivu. Mwenye pupa hupita katikati yake asione kitu.

Mmemsikia Adrien Deschryver, yule Mbelgiji wa Kahuzi-Biega, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1970. Hakumpata gorila aliyeitwa Kasimir kwa mbio. Alitishwa, akakaa palepale. Akarudi tena na tena mpaka mnyama akamzoea.

Na zile chupa mlizotupa majini Jumapili hiyo nilizihesabu: nne. Maji huzisukuma hadi mto Ruzizi, zinakwenda kusumbua mitambo ya umeme, halafu usiku tunakaa gizani tukiilaumu serikali. Serikali ina makosa yake, lakini chupa zile zilitoka mikononi mwenu.

Linaloniuma zaidi ni jile, yale makoti ya kuokolea maisha majini. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama ikiwa karibu kabisa na Kituku, pale Goma, watu wa ufukweni wakiitazama. Ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Nanyi jile zenu mmezikalia kama mito! Nilipouliza, mkacheka: ati Mzee anaogopa maji. Ndiyo, nayaogopa. Nimeyavuka miaka mingi kuliko umri wenu, na wenzangu kadhaa hawakurudi.

Mmeniambia kesho kutwa mna wageni wengine. Nitakuja, magoti yakiniruhusu. Mota izimwe mbali na mawe, tumalizie kwa kasia. Simu zisilie. Kila chupa irudi nchi kavu. Na jile ivaliwe, ifungwe, kabla pirogi haijaguswa. Asiyetaka kuvaa abaki Kasha.