Chuma hiki kina jasho letu

Wiki hii mzee mmoja ninayemheshimu sana alinikera, na kero hiyo haijanitoka. Tulikuwa barazani, Lusangi, hapa Maniema, baada ya sala ya Ijumaa. Mtoto wa dada yangu, aliyerudi kutoka upande wa Kibombo, alitoa daftari lake la michoro: reli iliyomezwa na majani, magurudumu yenye kutu, behewa lililotelekezwa. Kila mchoro aliuchora papo hapo, ameketi chini mbele ya kitu chenyewe. Mzee akafunua kurasa mbili tatu, akamrudishia. “Mwanangu, vyuma hivi Mzungu alivileta abebee mali yetu. Unavichora vya nini? Chora msikiti.”

Baraza zima liliitikia. Mimi nilinyamaza kwa adabu, lakini hapa nitasema.

Mzee hakusema uongo. Kampuni ya reli, CFL ya Mbelgiji Édouard Empain, iliundwa mwaka 1902, Mfalme Leopold wa Ubelgiji akiwa bado mwenye Kongo, na pamoja na kibali cha kujenga ilipewa haki juu ya hekta milioni 4 za ardhi. Chini ya Kongolo, mto Lualaba unabanwa na miamba ambayo Wazungu waliiita Milango ya Jehanamu, meli haipiti. Ndiyo maana ikatandikwa reli ya kilomita 355 kati ya Kongolo na Kindu, iliyokamilika mwaka 1911. Kindu mzigo ulirudi melini hadi Ubundu, ukapanda tena treni hadi Kisangani. Safari yote hiyo ilikuwa ya kutoa mali, na Bula Matari, yaani serikali ya kikoloni, hakuwabembeleza watu wafanye kazi.

Lakini mataruma hayo Empain hakuyabeba begani. Ikiwa tutakiita chuma hicho cha Mzungu, basi tumempa na jasho la waliokitandika.

Na tukianza kukataa kila kilichokuja kuchukua mali, tutaishia wapi? Kasongo tunamsimulia Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, kama mtu aliyeondoka juzi. Misafara yake ilibeba pembe, ikabeba na watu wetu. Dini yetu, na hiki Kiswahili tunachojivunia, vilitufikia kwa njia ileile ya misafara. Hatukuvitupa. Tulivifanya vyetu, na tulifanya vyema. Mbona mtu wa reli tunamnyima hata ukurasa wa daftari?

Kijana alinieleza jambo ambalo mzee hakungoja kulisikia. Alipokuwa anachora lile behewa, alisimama nyuma yake mtu mzima aliyewahi kufanya kazi relini. Akatazama, kisha akamwambia breki ameiweka mahali pasipo pake. Akainama, akamwonyesha kwa kidole jinsi chuma cha breki kinavyoligusa gurudumu, na mahali mfanyakazi anapotia mkono, na jinsi mkono unavyoweza kubaki humo. Akaketi. Walizungumza mpaka jua likapinda, na maneno yake yamejaa pembezoni mwa ule mchoro kwa mwandiko mdogo.

Najua kuna atakayeniambia simu ingetosha. Simu ingepiga picha na kijana angeenda zake kabla yule mtu hajafika. Aliyeketi na penseli yuko palepale, kosa lake liko wazi mbele ya macho ya watu, na anayejua hawezi kuvumilia kulitazama bila kulisahihisha.

Msanii Sammy Baloji wa Lubumbashi alitumia kamera, lakini alilijua jambo hili. Mwaka 2006, katika kazi aliyoiita “Mémoire”, alichukua magofu ya kampuni ya migodi ya Gécamines na kuwabandika humo wafanyakazi kutoka picha za zamani za wakoloni. Karakana tupu zikapata tena wenyewe. Dunia nzima imeitazama kazi hiyo. Maniema tuna reli, tuna majengo ya migodi ya bati ya Kalima, tuna migodi ya dhahabu ya Namoya, na waliofanya kazi humo wanazidi kupungua kila mwaka, huku vyuma vyenyewe vikisubiri mnunuzi wa chuma chakavu.

Kwa hiyo, mzee wangu, kijana atauchora msikiti, nitamwambia mwenyewe. Lakini kwanza arudi Kibombo airekebishe ile breki, na safari hii amchore na yule mtu aliyemwonyesha, kwa idhini yake, jina lake likiandikwa chini. Na walimu wa Kasongo na Kabambare wanaonisoma wawape wanafunzi karatasi na penseli, wawapeleke relini na migodini likizo hii.