Kitu ni Chako Kuanzia Lini?

Kitu ni chako kuanzia siku ulipokipokea, au siku ulipoweza kukitengeneza mwenyewe? Swali hili limenijia kwa sababu ya kompyuta.

Jirani yangu, fundi wa simu hapa Kakuma, anataka tubadilishane bila nyongeza. Yangu ina miaka miwili, nyepesi, nilipewa na mradi mmoja wa masomo. Yake ni ThinkPad T420 ya mwaka 2011, nzito kama tofali. Binti yake anasoma kwa video na ile ya zamani inakwama. Watu wananicheka: "Ndugu, nani anatoa kipya achukue kizee?" Kipya kinyemi ingawa kidonda, wahenga walishasema.

Lakini tuzifungue zote mbili. Ya kwake, betri unaitoa kwa vidole tu, bila bisibisi. Diski imeshikwa na skrubu moja. RAM iko na nafasi mbili, unachomoa na kuchomeka. Yangu, betri imefichwa ndani na RAM imechomelewa kwenye ubao. Ikizimika, na vumbi letu hili na umeme unaopanda na kushuka, ni kuituma Nairobi na kungoja.

Na sisi kungoja tunakujua. Tunangoja mgao, tunangoja mahojiano, tunangoja jina kwenye orodha. Sitaki kompyuta nayo iingie kwenye foleni hiyo.

Hata hivyo, uzee una gharama zake. T420 haimo kwenye mashine zinazokubaliwa na Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Itabidi niweke Linux na nijifunze upya. Si jambo langu peke yangu: kuna akina mama niliowaandikia barua za rufaa, na siri zao ziko humo ndani. Nikipata uhuru wa kutengeneza huku barua zao ziko wazi kwa wezi wa mtandao, nitakuwa nimelipa kwa mali isiyo yangu.

Kuna wengine watauliza kama nina haki ya kubadilisha kitu cha msaada. Wafanyakazi wa mashirika, nawaheshimu, lakini nisaidieni: kama siwezi kukibadilisha, je, nilipewa au niliazimwa?

Kwangu mimi, kitu ni changu pale ninapoweza kujibu kwa ajili yake: kikiharibika, nikitengeneze, kikibeba siri ya mtu, niilinde, kikimfaa mwingine zaidi, nimpe.

Basi tutabadilishana, ila kwa mpangilio. Kwanza Linux iwekwe kwenye T420 na isasishwe. Halafu barua zihamishwe. Mwisho tufute diski ya ile mpya, wote wawili tukiangalia, ndipo binti aichukue.