Mbio za Pikipiki na Amana ya Mwili

Garissa, mji ambao wakazi wengi ni Waislamu, kijana anayeshindana na wenzake kwa pikipiki barabarani anagusa swali zito: mwili ni mali ya nani?

Uislamu haukatazi mbio. Hadithi ya Sahihi Bukhari yasimulia Mtume akishindanisha farasi: walioandaliwa walianzia mahali paitwapo al-Hafya, wengine wakapewa masafa mafupi. Kila mnyama kwa kadiri ya nguvu zake, na hekima iko hapo.

Lakini Sura al-Baqara, aya ya 195, inakataza kujitia katika maangamizi: mwili ni amana ya Mungu, si mali yetu. Tena barabarani wamo watoto na wagonjwa ambao hawakuomba kushindana; kuwahatarisha ni dhuluma.

Njia salama ipo: Nairobi, waendeshaji wa motokrosi wameshindana katika uwanja wa Jamhuri. Kaunti ya Garissa nayo iwatengee vijana wake uwanja.