Wasifichwe Watoto Hawa

Mtoto azaliwapo na kichwa kikubwa, majirani hutafuta mwenye kosa, kama wanafunzi walivyomtafuta mbele ya yule aliyezaliwa kipofu. Bwana aliwanyamazisha. Sisi twauliza bado, na mara nyingi twamwuliza mama peke yake.

Jambo lenyewe lafahamika. Ndani ya ubongo mna vyumba vyenye maji, nayo hutengenezwa mchana na usiku. Yakizibiwa njia hujaa, huubana ubongo, na kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijaungana, kichwa hutanuka. Wengine huzaliwa hivyo, mara nyingi pamoja na mgongo wazi; wengine hupatwa baada ya ugonjwa wa kuambukizwa katika miezi ya kwanza. Laana yaingilia wapi hapo?

Tangu zamani madaktari hupitisha mpira mwembamba chini ya ngozi, toka kichwani hadi tumboni, maji yapate kushuka. Mpira huo umeokoa wengi, na ungali watumika. Walakini huweza kuziba, na ukiziba kwa mtoto akaaye mbali na hospitali, ni hatari ya kifo. Kwa sababu hiyo Daktari Benjamin Warf, Mmarekani aliyehamia Mbale, Uganda, mwaka 2000, alishika njia nyingine: kwa chombo chembamba chenye taa alitoboa sakafu ya chumba cha maji ili yajipatie njia, kisha akaunguza nyama zinazoyatengeneza. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya watoto 100 waliotibiwa Mbale, wengine kwa njia hii, wengine kwa mpira. Baada ya mwaka mmoja, akili zao hazikuonekana kupitana.

Hatusemi kwamba wote hupona kabisa. Ubongo uliobanwa muda mrefu huumia, na upasuaji hauwezi kurudisha yote. Basi kuchelewa ndiko kunakotuhuzunisha, maana kwatokana nasi: aibu, kanga iliyofunikwa juu ya kichwa cha mtoto, baba aliyeondoka nyumbani, miezi iliyopotea kwa waganga wa ramli. Utosi ukituna, macho yakielekea chini daima, mtoto apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, na wazazi waombe barua ya kwenda hospitali ya rufaa.

Tena kuna nauli. Wale wanne waliomshusha mwenye kupooza kupitia darini, Injili haisemi kwamba walikuwa jamaa zake. Mama wa namna hii akiwapo katika jumuiya yenu, mchangieni Jumapili hii, wala msingoje aombe.